Zeze Kubwa Sebuleni kwa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Mji huu una mabomba mengi na watu wengi, lakini anayejua maji yanapita wapi chini ya ardhi ni mmoja tu, naye ndiye anayeandika hapa. Nikiugua mimi siku mbili, nusu ya mji inaoga kwa kikombe. Sijisifu. Waziri mmoja aliwahi kunipigia simu akiwa na sabuni machoni, nikamwambia akae kwenye foleni kama wenzake, na alikaa.

Sasa mtu wa cheo changu amepewa kazi ya kusikiliza muziki.

Nieleze vizuri, maana siku moja shajara hii itasomwa. Dada yangu mkubwa ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na ana binti mmoja. Huyu mpwa wangu alisomea hesabu za biashara akafaulu, na ofisi ya bima imemwekea nafasi mpaka mvua ziishe. Yeye haitaki. Anachotaka ni kukaa na zeze kubwa amelibana kwa magoti, lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, akilikwaruza. Wenyewe huliita selo. Yeye na wenzake watatu wanaandaa onyesho la muziki: wa zamani sana, wa zamani kidogo, na wa juzi, wote kwenye sufuria moja.

Dada ana zamu za kuanzia alasiri mpaka asubuhi, hawezi kwenda. Basi jana mezani akatoa hukumu. Mtoto apige onyesho lake, mimi nikasikilize kwa niaba ya familia. Nikirudi nikasema ile ni kazi ya maana, bima isahaulike. Nikisema ni upuuzi, Jumatatu inayofuata mtoto anavaa viatu vya ofisini. Mpwa wangu aliinamisha kichwa, akakubali.

Nikamuuliza dada kwa nini nimechaguliwa mimi, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Kwa sababu tangu mama akuzae sijakusikia ukisifu kitu ambacho si chako," akasema. "Siku ukisifu cha mwenzio, nitajua kina kitu."

Nimeichukua kama pongezi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Mifereji yote ya mtaa wa juu imeziba. Nimetoa shuka zima kwenye bomba la jirani, na jirani anasema halijui.

Jumapili, 9 Machi

Chumba walichokuwa wakifanyia mazoezi kimevuja, kwa hiyo wamehamia sebuleni kwetu. Nimewapa ruhusa. Dada alikuwa amekwisha kuwakaribisha, lakini nyumba inahitaji neno la mwanamume.

Nimewaona, na sitawaficha. Kiongozi anayejifanya si kiongozi ni mpiga fidla, mwalimu wa shule, ana ndevu ambazo fidla huzama ndani yake kama paka kwenye nyasi. Nimemwita Ndevu. Wa pili ni mwanamama mnene mpuliza tarumbeta lililojikunja kama utumbo. Huyo ni Mashavu. Wa tatu ni kijana mkimya mwenye gitaa la kizamani, mgongo umevimba kama nusu ya kibuyu. Basi ni Kibuyu. Na huyo Kibuyu ndiye aliyetunga ule wimbo wa juzi.

Kazi yangu imenipitisha kwenye mambo. Nimeingiza mkono mahali ambapo mtu mwingine asingeingiza fimbo, nikatoka nikala chakula cha mchana. Lakini leo kinyaa kimenishika sebuleni kwa dada yangu, juu ya kochi langu ninalolalia.

Kwanza, nyuzi. Nilimuuliza mpwa wangu nyuzi za zeze lake ni za chuma gani, nikitaka kumshauri kuhusu kutu. Akasema si chuma, ni utumbo wa kondoo, kwa sababu nyimbo za kale zinataka sauti ya utumbo. Utumbo. Msichana tuliyemlea kwa maziwa ya kopo anapapasa utumbo wa kondoo kutwa, kisha anakata mkate kwa mikono hiyo hiyo. Ule upinde je? Nywele za mkia wa farasi. Na nywele zenyewe wanazipaka utomvu, unapukutika unga mweupe, na unga huo uko kwenye mto wangu.

Pili, Mashavu. Katikati ya mazoezi alisimama, akakigeuza kile chombo chake, akafungua kijibomba, akamwaga mate. Alimwaga kwenye kitambaa, sikatai, lakini alimwaga mbele yangu huku akiongea habari nyingine kabisa. Nikamwambia mimi nikifungua bomba la mtu huwa naomba radhi kwanza. Akacheka, akasema hayo si mate, Mzee, ni mvuke uliopoa. Nimekuwa kwenye kazi ya maji miaka yangu yote, na mate nayajua.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, mpwa wangu anavuta kamasi. Kabla ya kila wimbo, wenzake wakiwa wamenyanyua vyombo tayari, anavuta puani kwa nguvu, fsss, mpaka mabega yanapanda. Kisha wanaanza. Wakikosea wanarudia, na yeye anavuta tena. Nimesikiliza alasiri nzima. Sikumbuki wimbo hata mmoja, nakumbuka pua tu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemchemshia mpwa wangu tangawizi. Ameinywa kwa adabu. Mazoezi yalipoanza akavuta kama kawaida.

Jumapili, 16 Machi

Nimefukiza majani ya dawa kwenye beseni, nikamfunika blanketi pamoja na beseni lake. Ametoka ameiva kama aliyetolewa kwenye chungu, anasema anajisikia vizuri, asante Anko. Baada ya hapo, fsss.

Sauti ile sasa inanifuata kazini. Leo nilikuwa chini ya sinki la duka la dawa, bomba likanyonya hewa, nikajikuta naliambia bomba lipenge.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Mate. Utumbo.

Jumamosi, 29 Machi

Kwa mara ya kwanza wamepiga ule wimbo wa juzi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilifikiri wanahamisha fanicha. Mpwa wangu analipiga zeze makofi ubavuni kama anayepima tikiti maji sokoni. Mashavu anapuliza hewa tupu bila sauti. Kibuyu anachezesha vidole kama mpiga gitaa wa bendi ya dansi, kitu kizuri kidogo kinaanza kutokea, mguu wangu nao unajiandaa, halafu wote wananyamaza. Kimya kabisa, wameganda na vyombo mikononi. Nikapiga makofi nikidhani shida zangu zimekwisha. Ndevu akaniambia kwa upole kwamba bado, Mzee, hicho kimya nacho ni sehemu ya wimbo.

Kwa hiyo watu watalipa nauli, watanyeshewa, waje kusikiliza kitu ambacho kila mmoja anacho nyumbani kwake bure.

Hukumu yangu inajiandika yenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimeongea na mpwa wangu jikoni kama mjomba. Nilimwambia mambo ya utumbo na mate nimeyameza, lakini binti mzima hawezi kupanda mbele za watu akavuta kamasi kama mtoto wa chekechea. Mama yake ni muuguzi, watu watasema ile nyumba ina ugonjwa wa kifua. Nikamweleza habari za bwana harusi niliyemjua mimi mwenyewe, aliyevuta kamasi mara moja tu wakati wa kuapa, bibi harusi akageuka, akatoka, akaolewa na dereva wa gari lao la harusi siku ile ile, kwa keki ile ile.

Akaanza kusema, "Anko, hayo si mafua, ni kwamba—"

Nikamkatiza. Nilimwambia mimi ndiye nitakayetoa neno kwa mama yake, na katika neno hilo pua ina nafasi kubwa.

Alinitazama muda mrefu huku ameshika sahani. Kisha akasema, "Sawa, Anko. Sitavuta tena."

Hivyo ndivyo mtoto anavyolelewa. Wengine wangetumia fimbo.

Jumamosi, 12 Aprili

Wameharibikiwa, tena vibaya.

Mpwa wangu alikaa sawasawa, mdomo ameufunga, pua kavu, ameshika pumzi kama mtu anayepita karibu na jalala. Nilijisikia vizuri kumwona. Halafu wakaanza, yaani mmoja akaanza. Ndevu alitangulia, Kibuyu akamkimbilia, Mashavu akaingia wakati wenzake wamekwisha kugeuza kona. Wakasimama. Wakaanza tena, ikawa mbaya zaidi, kama watu wanne wanaobeba kabati kwenye ngazi, kila mmoja akitaka kupumzika kwa wakati wake. Ule wa kale hawakuuweza. Ule wa zamani kidogo, wa enzi ya mabwana wa Ulaya wenye nywele za bandia, hawakuuweza. Ule wa juzi walipofika kwenye kile kimya, hakuna aliyejua wa kukivunja. Walikaa pale wakitazamana mpaka Mashavu akatua chombo chake.

Ndevu akamuuliza mpwa wangu ana nini leo. Akasema hana kitu. Akamuuliza tena. Akasema hana kitu, na macho yakamjaa maji. Mashavu alisema yeye ana watoto nyumbani, hakuja kutazama watu wakinuniana. Wakafunga vyombo na kuondoka kwenye mvua, bila hata chai.

Nimesimama dirishani nikawaza, haya, kazi imekwisha mapema. Nimeanza kuandaa maneno ya kumwambia dada. Yanaanza hivi: "Kwa uzoefu wangu."

Jumapili, 13 Aprili

Sijalala vizuri. Nimeudhiwa na mtu mwenye ndevu.

Nilikuwa chini ya sinki la jikoni, kichwa ndani, miguu nje. Mpwa wangu alikuwa ametoka. Nikasikia hodi, kisha viatu vyenye maji vikasimama karibu na miguu yangu. Ndevu. Hakungoja nitoke. Alichuchumaa, akaongea na magoti yangu.

Alisema amezunguka na mpwa wangu leo asubuhi mpaka akamweleza yaliyotokea jikoni. Akasema wao hawana mtu wa kusimama mbele akipunga kijiti, ni wanne tu, na kila mmoja ana macho kwenye karatasi yake. Kitu kinachowaambia waanze lini ni pumzi ya mpwa wangu. Akivuta polepole, wimbo unakwenda polepole. Akivuta kwa ghafla, wanaruka naye. Walimchagua yeye kwa sababu kati yao wote pumzi yake haidanganyi.

"Yale si makamasi, Mzee," akasema. "Ile ndiyo njia tunayopitia sote. Na wewe umeiziba."

Nilinyanyuka kwa hasira nikagonga kichwa kwenye sinki. Nimeziba. Mimi. Katika maisha yangu nimeitwa mengi, mengine na dada huyu huyu, lakini hakuna aliyewahi kusema nimeziba kitu. Nilitafuta jibu la kumkata maini. Nilipotoka chini ya sinki nikiwa nimeshika kichwa, alikuwa ameshafika mlangoni, anatingisha mwavuli wake.

Utumbo bado ni utumbo. Mate bado ni mate. Ndevu zake zenyewe zilikuwa zinadondosha maji kwenye sakafu niliyoipiga deki.

Lakini nimekumbuka jinsi alivyoshika ile sahani. Hakukubali kwa sababu ya adabu. Alikubali kwa sababu kamba ilikuwa shingoni mwake na mimi ndiye niliyeishika.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia mpwa wangu kwamba nimefanya utafiti, na kwa hali ya hewa hii, kuvuta pumzi puani kunaruhusiwa.

Akauliza, "Kunaruhusiwa na nani, Anko?"

Nikasema na mimi. Vuta mpaka pazia litikisike.

Alicheka kidogo, lakini hakucheka kwa macho.

Jumamosi, 19 Aprili

Sasa ndiyo balaa. Ameruhusiwa, na hawezi. Anavuta, lakini anavuta kama mtu aliyeambiwa atembee kawaida mbele ya kamera. Inatoka fupi, au inachelewa, au anavuta halafu anasita. Wenzake wanamfuata wanaanguka naye shimoni. Alisema kwamba sasa kila akitaka kupumua ananiona mimi nimekaa kwenye kochi na uso wangu.

Nikaenda kukaa bafuni. Nimesikiliza mazoezi yote nikiwa juu ya ndoo. Huko nako kunavuja, na mwenye nyumba hii ana fundi bomba ndani ya nyumba.

Jumamosi, 26 Aprili

Bafuni tena. Leo imetoka sawa mara kadhaa. Niligundua najua kabla hawajaanza kama itatoka sawa au haitatoka, kwa ile pumzi tu, kupitia mlango uliofungwa. Sikumwambia mtu. Mtu wa heshima hatoki bafuni na habari kama hiyo.

Dada ameniuliza naonaje. Nikasema hakimu haongei kabla ya kesi. Akasema ofisi ya bima imepiga simu tena.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika nikiwa nimevua soksi, zinakauka kwenye kiti.

Onyesho lilikuwa alasiri, ukumbi wa shule anayofundisha Ndevu. Paa la bati, mfereji umetengenezwa na mtu anayepaswa kushtakiwa. Watu walikuja na miavuli, wakaiweka miguuni, kukawa na harufu ya mbwa aliyelowa. Jirani yangu kushoto alivua viatu. Nilikaa mstari wa mbele kama mwakilishi wa familia, nimevaa koti la mazishi.

Nyimbo za kale zilikwenda. Sitasema zaidi. Ni nyimbo walizochezea watu waliokufa zamani, na unaweza kusikia kwamba walikuwa wanaringa. Mpwa wangu alivuta pumzi kabla ya kila mmoja, na kila mmoja ulianza kama mlango uliotiwa mafuta. Ule wa wenye nywele za bandia ulikuwa mrefu, mwanamke mmoja nyuma akakohoa wimbo mzima. Mashavu alimwaga mate yake mbele ya umati. Niligeuza uso. Watu walitazama kana kwamba ni ibada.

Kisha ule wa juzi. Na mvua ikaamua nayo kuja kusikiliza.

Haikuanza na manyunyu. Ilimwagwa juu ya bati kama kokoto kutoka kwenye lori. Nilimwona Kibuyu anakodoa macho kwenye vidole vyake mwenyewe, kwa sababu hakuwa anavisikia. Waliendelea. Mpwa wangu akalipiga zeze makofi, Mashavu akapuliza hewa yake, ile dansi ikaanza kujitokeza, nikajua kinachokuja. Kile kimya kilikuwa mbele yetu, na wa kukivunja alikuwa yeye, kwa pumzi ambayo hakuna mtu angeisikia hata kama ingekuwa ya tembo.

Wakanyamaza. Bati halikunyamaza. Wote watatu wameinamia karatasi zao kama walivyozoea, masikio yamesimama, wanangoja fsss ambayo haiwezi kuwafikia. Mpwa wangu akawatazama. Naye alijua. Nilimwona anamtazama Ndevu, anamtazama Mashavu, kisha macho yake yakapita kwangu. Nilitaka kuangalia chini. Siku zote pale kwenye kochi nilimwangalia, leo nisimwangalie? Nikabaki namwangalia.

Kimya kikawa kirefu kuliko walichofanyia mazoezi. Jirani yangu alianza kutafuta viatu.

Ndipo alipoliinua zeze. Si mabega tu. Zeze lenyewe, lile toto la darasa la tatu, lilinyanyuka kutoka sakafuni pamoja na magoti na kifua na kidevu chake, mdomo wazi, kama mtu anayetoka kwenye maji baada ya kukaa chini sana. Hukuhitaji masikio. Hata aliyekuwa amekaa mlangoni aliiona ile pumzi ikiingia. Ndevu akainua kichwa. Mashavu akainua kichwa. Kibuyu akainua kichwa. Zeze likashuka, na wote wanne wakatua pamoja, mahali pamoja, kwa uzito mmoja, na niliisikia sauti ikinipitia kwenye mbavu kabla haijafika masikioni.

Mvua haikupungua. Walipiga ndani yake mpaka mwisho, na sehemu nyingine hatukuzisikia, tuliziona tu.

Jumapili, 4 Mei

Dada alirudi kutoka zamu asubuhi, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu na jiko, amenipa mgongo. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na utangulizi, na yule waziri mwenye sabuni alikuwa ndani yake.

"Haya," dada akasema. "Hakimu."

"Bima watafute mtu mwingine," nikasema.

Akangoja hotuba. Nikaangalia sufuria.

"Ndiyo hayo tu?"

"Zile nyuzi ni uchafu, dada. Yule mama wa tarumbeta anatema hadharani. Na ule wimbo wa mwisho sikuuelewa, sidhani kama aliyeutunga anauelewa. Lakini mtoto huyu aliwashika watu wazima watatu kwa pumzi moja, na bati linapiga kelele. Mimi nisingeweza."

Dada alinitazama kama anavyotazama mgonjwa aliyeamka bila kutarajiwa. Aliinama akaanza kufungua kamba za viatu, na mpwa wangu akageuka akamsaidia, wakiwa wote wawili chini pale, mmoja kwa kila mguu.

Baadaye dada aliniuliza mbona binti yake anasema jana nilirudi muda mrefu baada yake. Nikamwambia nilikuwa nakagua mfereji wa ukumbi, kwamba wenyewe waliniomba, karibu kunipigia magoti.

Hapa, kwa kuwa nimechoka, nitaandika ilivyokuwa. Watu walipiga makofi, wakasimama, wakachukua miavuli yao wakaenda. Mimi nilibaki kitini. Mfagiaji alikuja akafagia mpaka miguuni kwangu, akaniuliza Mzee umepoteza kitu. Nikamwambia nalinda nafasi yangu. Akasema nafasi ya nini, wamemaliza, wameshaondoka na vyombo vyao.

Nilikuwa nimedhani ni mapumziko. Nilikuwa nangoja waanze tena.